Mtafsiri Asiye na Ruhusa ya Kusema

Siku ile kabati lilipofunguliwa na kukutwa tupu, watu wa Birere, mtaa wa Goma, nusura wabomoe chumba cha video cha Mama Nshobole. Si kwamba chumba chenyewe kilihitaji nguvu nyingi ili kibomoke. Kilikuwa mbao za kuokoteza, paa la shitingi, yale maturubai ya msaada, na sakafu ya mawe ya volkano ambayo miezi michache nyuma yalikuwa yakishuka barabarani yenyewe, mekundu, mazito kama uji wa mgonjwa. Sasa yalikuwa yamepoa. Watu walipanga mabenchi juu yake, wakakaa, na kama watu wote waliolipa kiingilio, wakataka haki yao.

Aliyedaiwa haki hiyo ni Swedi, mtafsiri. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya televisheni na kipaza sauti, kupunguza sauti za wazungu, na kuweka ya kwake. Alijua Kiswahili, Kilingala cha kutongozea, na Kifaransa cha kuombea radhi kwenye vizuizi vya askari. Sinema zenyewe zilikuja kwa Kiingereza, Kihindi na Kichina, na katika hizo hakuijua hata moja. Hilo halikumzuia. Alitazama midomo, alitazama macho, alitazama nani ameshika panga, kisha akasema lililofaa. Mji mzima ulimwamini. Kulikuwa na watu Birere walioweza kukusimulia mambo ya Bombay vizuri kuliko watu wa Bombay.

Lakini sinema ya siku ile ilikuwa ya namna yake. Kaseti ilipatikana ndani ya mfuko wa koti, koti ndani ya robota la mitumba, na lugha yake haikufanana na lugha yoyote iliyowahi kupita Goma, na Goma hupitiwa na wengi. Hakukuwa na bunduki. Hakukuwa na mapenzi. Kulikuwa na mwanaume mmoja mwembamba, anayeishi peke yake juu ya kilima katika nyumba ndogo iliyojaa kabati kubwa. Asubuhi moja alijifunga lile kabati mgongoni kwa kamba, akafunga mlango, akaanza kutembea.

Chumba chote kikalipuka kwa furaha.

"Volkano imemufukuza huyu!"

"Muangalie vile anabeba! Sawa Papa Habumugisha na kitanda yake!"

"Weye Swedi, anaenda wapi?"

"Anasema anatafuta fasi kwenye moto haifike," Swedi alijibu kwa sauti nzito ya yule mwembamba.

"Sake! Mwambie apite Sake!"

Mwembamba akavuka theluji. Watu wakasema ni majivu. Akapita katikati ya harusi ya watu asiowajua, akanywa, akaondoka na kabati lake. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka benchi la nyuma, ya mtu ambaye alikuwa ameifikiria hoja yake vizuri kabla ya kuifungua.

"Na bibi yake? Anabeba kabati, bibi anamuacha?"

"Muulizeni Swedi!" mwingine akapokea. "Maneno ile yeye anaijua!"

Walicheka mpaka shitingi zikatikisika. Askari mmoja wa uasi, aliyeingia bila kulipa na kukaa mbele kabisa na bunduki kwenye mapaja, naye akacheka. Watu wa uasi ndio waliokuwa wenye mji wakati huo. Walitoza kodi hata kicheko, ila cha kwao kilikuwa cha bure.

"Jibu, mutafsiri," alisema. "Bibi iko wapi?"

Kila mtu pale alijua habari ya Swedi. Siku ya moto alikuwa amemwambia mkewe Shakila amngoje kwenye rompwa, ule mzunguko wa barabara, akaondoka na televisheni ya Mama Nshobole kichwani kuelekea mpaka wa Gisenyi. Televisheni ilivuka salama. Yeye akavuka nayo. Moto ukakata barabara nyuma yake.

"Bibi iko ndani ya kabati," alisema.

Kelele za kushangilia! Kuanzia hapo sinema ikawa nyingine kabisa. Mwembamba alipoteleza, wanawake walipiga ukelele, "Mama we, bibi anaumia!" Alipokunywa maji kisimani, walimkaripia ampe na mwenzake. Alipolala kando ya reli, mtu mmoja aliomba wampe heshima, wazime televisheni kidogo. Na mwisho wake, yule mtu akafika kwenye maji makubwa, akasimamisha kabati mchangani, akafungua milango yote miwili. Hamna mtu. Hamna hata nguo. Akaingia yeye mwenyewe, akajifungia ndani, na yakapanda maandishi.

"Bibi iko wapi?" benchi la nyuma likauliza.

Swedi alishusha kipaza sauti.

"Amekimbia," alisema askari, akiinuka kwa uvivu. "Akakuta mutu mwenye hamusahau."

Benchi la kwanza lilirushwa. Mama Nshobole alizima jenereta, akafungua mlango wa nyuma, na mtafsiri akatoroka kwa huko.

*

Habari za kabati zilifika Kituku, kwenye soko la samaki la ufukweni, kabla ya sambaza wa siku ile, wale samaki wadogo kama dagaa, kukauka. Shakila alikuwa huko, kwa baba yake, tangu mawe yapoe. Moto ulipokuja, aliondolewa pale rompwa na watu asiowajua, wakampandisha kwenye lori la kwenda Sake. Barabara ilipofunguliwa, alirudi mpaka Kituku, akashuka, akaishia hapo. Hakugomba. Hakutuma matusi. Swedi alipokwenda kumwona mara ya kwanza alipewa chai, akaulizwa afya, akasindikizwa mpaka njiani kama mgeni. Hilo ndilo lililomtisha.

Sasa mama mkwe wake, Mama Kadidja, alituma neno kwa mdomo wa mchuuzi wa samaki, na mchuuzi akalitoa mbele ya wateja wote wa Birere, bila kupunguza kitu:

"Muzee Aboubacar anasema, Jumapili ulete watu wako. Amechoka kusikia mutoto yake anachekwa mu sinema. Kama unamutaka, muje mumuombe. Kama haumutaki, toa talaka, aolewe na mutu mwenye akili."

Watu wake! Baba mkubwa wake, aliyepaswa kumsemea, alikuwa Kindu, na njia ya Kindu ilikuwa imefungwa na vita tangu zamani. Ndege zilizokwenda huko zilibeba askari na kurudi na mawe ya migodi, hazikubeba wazee wa kwenda kuomba radhi. Swedi alizunguka siku nzima. Jioni akaishia kwa jirani yake, Mbarushimana.

Mbarushimana aliuza viatu vya mitumba sokoni, na hakuuza kwa viatu vyenyewe, aliuza kwa mdomo. Mtu alikuja kutafuta sufuria, akaondoka na raba mbili za kushoto na shukrani nyingi.

"Papa Mbarushimana, nakuomba useme neno moja tu," Swedi alimwambia. "Useme: anaomba radhi. Hapana kuongeza kitu."

"Radhi peke yake? Mutu anaenda kuomba bibi na neno moja? Hata kandambili haiuzwe na neno moja."

"Kwao ni vile. Mwenye kosa hasemi. Anakaa karibu ya mulango, anafunga kinywa, mutu mwingine anamusemea. Nikifungua kinywa, watasema nimewadharau, maneno imeisha."

Mbarushimana alimtazama kwa huruma ya mtu aliyeona kichekesho na kuamua kutokicheka mbele ya mwenyewe.

"Weye, Swedi? Weye mwenye kusemea Wachina?"

"Miye."

"Funga kinywa yako, mutoto yangu. Ya kwangu itafanya kazi."

Mama Nshobole alikubali kumpa ruhusa, kwa masharti. Alimtazama akijipima kanzu ya kuazima. Ya kwake iliungua. Hii ilikuwa ya mwadhini, mtu mfupi, na ilimwishia Swedi katikati ya muundi.

"Unafanana na mutu mwenye alivuka muto," alisema. "Usikie. Saa tisa nafungua. Nimeshasema mu soko kama tutaonyesha ingine, yenye iko na bunduki. Kama haurudi saa tisa, natafuta mutafsiri mwingine. Sitakuwa na mutu wa kulia-lia ku mulango ya mukwe."

"Nitarudi, mama."

"Nimekupenda juu uliokoa tele yangu," Mama Nshobole alisema, na alilisema kwa wema kabisa. "Mwanaume mwingine angeiacha."

*

Waliondoka Jumapili asubuhi, wakiwa na sukari, sabuni na majani ya chai katika mfuko mmoja. Kwenye kizuizi, askari aliufungua mfuko.

"Sukari ya nini?"

"Ya kuomba bibi," Mbarushimana alisema haraka. "Bibi ya huyu. Alimukimbia."

Askari alimtazama Swedi kuanzia kofia mpaka mwisho wa kanzu, na hapo macho yake yakakaa kidogo.

"Pole," alisema, na kwa kuwa alikuwa amesikitika kweli, akachota sukari nusu tu.

Nyumba ya Muzee Aboubacar ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya bluu, na madirisha yake yalitazama ziwa. Yeye alikuwa dereva wa malori ya Maniema enzi ambazo barabara za Maniema zilikuwepo, na mpaka leo alizungumza kama anayeshindana na injini. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Swedi alionyeshwa nafasi yake karibu na mlango, pale ambapo viatu viliachwa. Alikaa. Kanzu ikapanda magotini. Akaivuta, ikapasuka kidogo chini ya kwapa.

Shakila hakuonekana. Alikuwa nyuma ya pazia la maua, na mama yake, Mama Kadidja, alikaa kwenye kigoda kando ya pazia hilo, sikio moja ndani, sikio moja sebuleni. Naye, kwa desturi ile ile, ndiye atakayemsemea binti.

"Karibuni," alinguruma Muzee Aboubacar. "Tunasikiliza."

Mbarushimana alikohoa, akaweka kofia kwenye goti.

"Muzee, mama, sitasema mingi," alisema, na Swedi akajua wamekwisha. "Huyu mutoto yenu munamuona hapa, amenyamaza, lakini kinywa yake ingejua kusema, ingesema mambo ya kuliza mutu. Ile siku ya moto, huyu alimuambia bibi: nikungojee hapa, yaani, uningojee. Akapeleka tele ya wenyewe. Kiisha akarudia! Muzee, alirudia ndani ya moto!"

Swedi alitikisa kichwa. Mbarushimana alidhani anatiwa moyo.

"Akaingia mu nyumba, inaungua. Akasema, bibi yangu hayupo, lakini nguo zake haziungue! Akajifunga kabati ya bibi ku mugongo, na kamba! Akatembea. Majivu inaanguka, nyeupe, mpaka hapa ku magoti. Akapita mu harusi ya watu, wakamwambia, papa, kaa ukule. Akasema, hapana, namutafuta Shakila. Akalala kando ya reli—"

"Reli gani?" aliuliza Muzee Aboubacar. "Goma haina reli."

"Kando ya njia," alisema Mbarushimana bila kupepesa. "Mpaka akafika ku maji."

"Na kabati gani?" Mama Kadidja akaingia. "Mutoto yangu hakuwa na kabati. Nilimuoza na sanduku."

"Sanduku kubwa, mama. Yenye milango."

Swedi alikaa pale mlangoni, ametiwa katika sinema yake mwenyewe, akiwa na mdomo uliofungwa kwa heshima. Aliona aibu ikipanda kutoka miguuni, na ilikuwa na nafasi kubwa ya kuonekana ikipanda.

Nyuma ya pazia Shakila alisema kitu. Kilikuwa kifupi kama kikohozi. Mama Kadidja aliinamisha sikio, akanyanyuka na hotuba.

"Anasema amechoka. Anasema kwa baba yake hakukosa kitu. Anasema alidharauliwa sawa mutu asiye na kwao, kiisha wakamuimba mu sinema ya walevi. Anasema iko mutu wa duka ya vitambaa, mutu wa sala, ameuliza habari yake. Anasema baba yake aamue leo leo."

Swedi aliikodolea macho hotuba ile kwa jicho la fundi. Midomo imecheza mara moja, maneno yametoka gunia zima. Kazi hiyo aliijua. Yeye mwenyewe ameifanya miaka. Hakuna kitu hata kimoja katika yale maneno kilichotoka nyuma ya pazia, isipokuwa pengine pumzi.

"Basi," alisema Muzee Aboubacar. "Mumesikia. Talaka munatoa, ao hamutoi?"

Hapa ndipo Mbarushimana alipofanya lile ambalo mtu wa soko pekee angelifanya. Alifanya kama anavyofanya kila siku, mnunuzi anaposhikilia bei: aliinuka. Alipangusa suruali. Alivaa kofia.

"Kama ni vile, muzee, sisi tunaenda," alisema kwa uchungu mzuri sana. "Talaka munataka? Chukueni. Tunatoa. Bibi si mumoja mu dunia."

Akaelekea mlangoni taratibu, hatua zile za sokoni, za mtu ambaye mgongo wake unasubiri kuitwa. Sokoni, hatua ya tatu haijatua kabla hujasikia: papa, rudi kwanza. Alipunguza mwendo. Alisimama kurekebisha kiatu kisichohitaji kurekebishwa. Nje kuku alipiga kelele. Hakuna aliyemwita.

"Alhamdulillahi," alisema Muzee Aboubacar. "Imeisha bila fujo. Mama, walete chai wanywe, waende."

Mbarushimana aligeuka, uso umemkauka. "Muzee, miye nilikuwa nasema tu—"

"Umesema. Hapa tumekuwa mashahidi."

Swedi alifungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya kipaza sauti. Ilikuwa nyembamba na ya kawaida. Hata yeye aliishangaa.

"Hapana," alisema.

Muzee Aboubacar hakumtazama, maana kwa desturi pale mlangoni hapakuwa na mtu. "Nani amesema?"

"Miye, baba."

"Mwenye kosa hana kinywa mu nyumba hii."

"Najua, baba. Munifukuze kiisha." Aligeukia pazia la maua. "Shakila, papa huyu amedanganya. Sikurudia. Kabati hakuna, nguo hakuna. Nilibeba tele, nikavuka nayo, nikakaa kule Gisenyi kando yake, naifunika isipate majivu."

Mama Kadidja alianza kuinama kwenye pazia ili apokee jibu, lakini jibu lilimpita juu ya kichwa, lenyewe.

"Najua. Nilikuona ukienda. Uliibeba polepole, sawa yai."

"Shakila!" mama yake akamkemea.

"Uache, mama. Miye sikusema ile maneno ya mutu wa duka. Nilisema tu: anadanganya." Kisha, kwa sauti ile ile tulivu: "Swedi. Ile saa uliniambia nikungojee, ulijua njia itafungwa?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu Januari, limeiva, na kila usiku aliliongezea chumvi: kwamba alikuwa mbioni kurudi, kwamba askari wa mpaka walimshika, kwamba alilia. Mengine yalikuwa kweli. Aliyatazama yote, kama mtu anavyotazama bidhaa nzuri ambazo hazimfai.

"Nilijua," alisema. "Moto niliiona inashuka. Nilisema mu roho yangu: tele haina miguu. Shakila iko na miguu."

Mbarushimana alivua kofia. Muzee Aboubacar alitoa neno ambalo madereva huliweka kwa ajili ya gurudumu linalopasuka mbali na mji. Mama Kadidja alishika mdomo kwa mikono miwili.

Pazia likasogea, na Shakila akatoka. Alikuwa amejifunga kitenge cha kazi, mikono ina magamba ya samaki mpaka kwenye viwiko, na ilikuwa wazi kwamba hakujipamba kwa ajili ya mtu. Alisimama katikati ya mkeka wa wazee kwa miguu mitupu.

"Hii miguu," alisema, "nilisimama nayo pale mpaka kandambili ikaanza kunata ku barabara. Watu walinivuta, nikawapiga. Nikasema, bwana yangu anakuja." Alimgeukia Swedi. "Juu ya nini haukusema hivi toka mbele?"

"Niliogopa ungeenda."

"Nilienda."

Swedi aliinamia viatu vya pale mlangoni.

"Baba," Shakila alisema, "talaka sitaki."

"Ah!" Muzee Aboubacar alipumua kama breki za upepo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amechoka kuchekwa msikitini. "Basi chukua vitu vyako, uende na bwana yako."

"Kuenda pia sitaki."

"Sasa unataka nini?"

"Niko na kazi yangu pale ku maji. Nakausha sambaza, nauza, nakula. Birere sirudi. Mutu mwenye anataka kuwa na bibi, bibi iko Kituku. Aje afanye kazi naye, nimuangalie."

Mbarushimana alisahau kwamba alikuwa ameaibika. "Hee! Mama! Mwanaume anafuata bibi kwa mukwe? Sawa yeye ndiye ameolewa? Birere watamucheka mpaka meno itoke!"

"Na miye hapa simulaze!" Muzee Aboubacar alinguruma, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile pande mbili zilikuwa zimeelewana kabisa. "Mukwe kulala mu nyumba ya baba ya bibi yake? Nitaweka wapi uso?"

"Nani amesema alale?" aliuliza Shakila. "Nimesema kazi. Maneno ya kulala, ni mambo ingine."

Alichukua beseni tupu lililoegemea ukutani, akatoka nje bila kumwangalia mtu.

Wazee walibaki wanatazamana. Desturi ilikuwa na kanuni kwa mke anayerudi, na kanuni kwa mke anayeachwa; kwa hili haikuwa na kitu. Chai ililetwa. Waliinywa, kwa sababu walau kunywa chai walijua. Sukari ilikuwa chache na hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Swedi, twende," Mbarushimana alisema mwishowe, akiweka kikombe chini. "Saa tisa inafika. Watu wanajaa. Mama Nshobole hana mazoea ya kungoja. Huyu bibi umuache kwanza, hasira itapoa, nitakuja kuongea naye tena."

"Hapana kuja kuongea naye tena," walisema Swedi na Muzee Aboubacar kwa pamoja.

Walitembea mpaka kwenye njia panda. Kulia ni Birere. Huko watu walikuwa wakilijua jina lake. Watoto walimwiga mtaani. Mabibi walimwuliza mambo ya dunia. Hata waliomrushia mabenchi, wangerudi leo, kwa sababu walizoea sauti yake kama watu wanavyozoea sauti ya mvua. Kushoto ni njia ya mawe, iliyoshuka mpaka ziwani, imejaa maganda na harufu.

Swedi alisimama. Hakuna muziki uliopigwa. Pikipiki ilipita ikamrushia vumbi.

"Enda utafsiri weye, papa," alisema.

"Miye? Lugha zao sizijui!"

"Hata miye."

Mbarushimana alifungua mdomo ili abishe, kisha ikaonekana wazi usoni mwake kwamba wazo lilikuwa limeingia, limeketi, na kuanza kupanga vitu vyake. Alirekebisha kofia. Alikohoa mara mbili, ya pili kwa sauti nzito zaidi. Akashika njia ya Birere akitembea upesi kuliko umri wake, na hakugeuka.

*

Pale ziwani mchana, mitumbwi ilikuwa imelala, na wanawake walikuwa wameketi kwenye mawe meusi wakichagua sambaza: wazima huku, waliopondeka kule, majani na kaa wadogo majini. Mikono ilikwenda yenyewe. Midomo ilikuwa na kazi nyingine. Walimwona Swedi toka mbali. Mwanaume mwenye kanzu fupi, iliyochanika kwapani, anashuka kwa uangalifu ili asiteleze, hakuja kununua kitu na hana wavu: vitu kama hivyo Kituku havipatikani kila siku.

Alifika karibu na Shakila, akasimama. Hakuna aliyemkaribisha. Alivua viatu, akavishika mkononi, akakosa pa kuviweka, akaendelea kuvishika.

"Shakila!" aliita Mukakalisa, mwanamke mnene wa Rutshuru ambaye sauti yake iliuza samaki mpaka ng'ambo ya ghuba. "Huyu ni nani anasimama sawa mulingoti? Ni ndugu? Ni bwana? Ni mutu wa kodi?"

Wanawake wote waliacha kuchagua. Swedi aliyaona majibu yote matatu, na mengine kumi mazuri zaidi, yamejipanga kwenye ulimi wake, na angeweza kuwachekesha wote mpaka wasahau swali lenyewe. Alifunga mdomo. Alimtazama mkewe.

Shakila hakuinua kichwa. Alitupa kaa mmoja majini, akapangusa vidole kwenye kitenge.

"Bado sijajua," alisema. "Mupatie beseni."